Bagamoyo: Redio ya Mjomba Yakosa Kipuri

Jumamosi ile nilikuwa nimeichoka Dar, msomaji wangu. Joto, foleni, makelele. Nikapanda basi pale Makumbusho, mapajani nimepakata boksi zito. Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, konda hana mbavu kwa kucheka. Kaniuliza kama ni spika, nikamjibu ni redio ya kuongea na Brazil!

Acheke tu. Mjomba wangu ni mtu wa redio za ridhaa, wale wenye leseni (hapa kwetu hutolewa na TCRA) wanaopiga stori hewani na dunia nzima kwa kujifurahisha, bila mshiko wowote. Ukisikia alama inaanza na 5H, jua huyo yuko Tanzania. Waya wake kaufunga kwenye mnazi kule Dunda, karibu na bahari, maana maji ya chumvi yanasaidia mawimbi kwenda mbali. Asikwambie mtu, nimemsikia kwa masikio yangu mtu wa Osaka akimwita kama yuko Kaole vile.

Basi redio ikaungua. Wiki mbili nimezunguka nayo kwa mafundi wa Kariakoo na jibu ni lile lile: kipuri hicho hakitengenezwi tena. Habari hiyo ndiyo niliyokuwa nampelekea mzee wa watu.

Nilipomwamkia na kumweleza, hakushtuka. Tukashuka soko la samaki, akaagiza pweza.

"Wateja wanakwisha, mwanangu," akaanza. Japani, nyumbani kwa Icom, Yaesu na Kenwood, mwaka 1995 kulikuwa na vituo vya ridhaa zaidi ya milioni 1.3. Leo havifiki hata laki 4. Wazee wanaondoka, vijana wana simu. Heathkit ya Marekani, iliyokuwa ikiuza redio za kujiundia mwenyewe nyumbani, iliacha biashara hiyo mwaka 1992. Kenwood ikaungana na JVC mwaka 2008. Halafu Oktoba 2020 kiwanda kimoja tu cha vipuri vya elektroniki kikaungua kule Nobeoka, Japani, na watengenezaji wa redio wakahaha kutafuta vipuri. Kiwanda kimoja!

"Sasa wanakula wapi?" nikauliza.

Akanyoosha kidole baharini. Icom, kwa mfano, wanauza redio za meli, za ndege, za walinzi. Sisi wa ridhaa, akasema, ni kachumbari pembeni ya sahani, pilau iko kwingine. Siku wakiona kachumbari haiwalipi wataiondoa, na pilau italika vile vile.

Wachina nao wamo. Baofeng walileta UV-5R mwaka 2012, redio koli ya mkononi ya chini ya dola 40. Mjomba anaidharau: nguvu yake ndogo, haivuki bahari. Hapo nilimbishia. Kijana wa Sinza atapata wapi dola zaidi ya 1,000 za redio ya mezani ya Kijapani? Hiyo si bei ya bodaboda? Akianza na kadogo, angalau ameanza. Mjomba akanitazama kama mtoto aliyemwaga mchuzi.

"Wangapi wamepanda kutoka hako kadogo?"

Nikakosa jibu. Kusema kweli mimi mwenyewe nilikanunua, kako kabatini.

Jioni tukapita mbele ya Boma la Wajerumani. Mwaka 1891 makao makuu yalihamia Dar na biashara ikafuata, ila mafundi wa mashua bado wanagonga misumari pale ufukweni. Mjomba alisimama kuwaangalia muda mrefu, hakusema kitu.

Nyumbani akairudisha redio mezani, akaifunika kitambaa cha kufuma. Kisha akanishikisha laki 2: nitafute nyingine ya aina ile ile, hata iwe mbovu, mradi kile kipande kiwe kizima. Kwa hiyo msomaji, kama babu yako aliacha dude lenye vitufe vingi stoo, usiliuze kwa wanaopima vyuma chakavu kabla sijaliona.