Chungu Kina Mwenyewe

Nimetoka kwenye makumbusho moja huku Uingereza nikiwa na hasira, na kilichonikasirisha ni kikaratasi. Vyungu vya Afrika vimepangwa vizuri kabatini, vimewashiwa taa, na chini ya kila kimoja wameandika nchi kilikotoka, mwaka kilioletwa na jina la mzungu aliyekileta. Mfinyanzi? Hajulikani.

Hajulikani na nani? Kwetu Kyela chungu kina mwenyewe. Jumamosi bibi alikuwa akifika gulioni Lyulilo, akina mama wa Kikisi wameshateremsha vyungu vyao kutoka Ikombe kwa mitumbwi. Kabla hajauliza bei alikigonga chungu kwa kidole, akategesha sikio, kisha akasema: hiki ni cha mama fulani, yule wa karibu na kisima. Hakukosea.

Na hawa Waingereza wakitaka kuandika jina, wanaliandika. Mfinyanzi Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaja huku mwaka 1971, na mwaka 2020 akapewa heshima ya Dame. Namwonea fahari kwelikweli. Nilisimama mbele ya chungu chake mpaka mlinzi akasogea kuniangalia. Hatumii gurudumu. Anauinua udongo kwa mikono, anausugua kwa kokoto mpaka unang'aa bila glezi, halafu anauchoma. Moto ukipata hewa, chungu kinatoka chekundu cha kuelekea rangi ya chungwa. Ukinyimwa hewa, moshi unakiingia kinakuwa cheusi. Kina tumbo pana, kitako chembamba cha kukutia wasiwasi, na shingo imeinama kidogo kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili. Sehemu ya maarifa hayo aliyafuata Nigeria miaka ya 1970, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja, kwa akina mama kama Ladi Kwali. Wanigeria wamemweka Ladi Kwali kwenye noti ya naira 20. Sisi Watanzania kwenye noti tuna simba, faru na tembo.

Si udongo peke yake. Magdalena Abakanowicz wa Poland aliokota makamba ya mkonge yaliyochakaa bandarini, akayafumua, akayatia rangi, akafuma maumbo makubwa yanayoning'inia kutoka darini. Yanaitwa Abakan, kutokana na jina lake la ukoo. Babu yangu alikwenda manamba Tanga kukata mkonge huohuo, akarudi na makovu mikononi. Kwenye daftari la shamba alikuwa nambari.

Lakini nasi tusijitoe. Mama wa Kikisi tunamkazania apunguze mia tano, halafu tunavuka barabara kununua ndoo ya plastiki kwa bei iliyotajwa. Chungu kikifika Dar tunakiweka pembeni ya sebule, tunakijaza maua ya bandia, na mgeni akiuliza kimetoka wapi, tunajibu, "Huko Mbeya." Safari ya siku moja tu ndani ya basi, na jina limeshapotea. Halafu niwalaumu wa huku peke yao?

Nimempigia shangazi, nikamwambia akina mama wale wachore majina yao kabla ya kuchoma.

"Wayachore wapi, mwanangu? Kitako si kinakaa motoni kila siku?"

Nikamwambia shingoni, kwa ndani kidogo, pale mwiko usipogusa. Amesema Jumamosi atawauliza, ila wakimwambia nilipie hiyo kazi ya ziada, nilipie.