Nguo ya Kiume Ni Ipi?

Ugomvi mkubwa wa nyumbani aghalabu huanza kwa kitu kidogo. Nyumbani kwa dada yangu ulianza kwa sketi.

Jumamosi moja dada yangu alikwenda sokoni hapa Gatumba, alfajiri, wakati ambapo robota za mitumba hufunguliwa na akina mama hugombea kuchagua kabla vitu vizuri havijakwisha. Akarudi na sketi nzito ya sufu, ya miraba ya kijani na buluu, yenye marinda mengi nyuma na bapa mbele, ambayo hufungwa ubavuni kwa mikanda midogo ya ngozi yenye bizimu. Jumapili aliivaa kwenda kanisani. Wenzake wakamsifu, na mumewe, ambaye ni koplo jeshini, naye akakiri kwamba imempendeza.

Furaha hiyo haikuvuka jioni. Jirani mmoja, mtu aliyesafiri nchi za mbali, alipita barazani, akaitazama sketi ile, akaangua kicheko. "Koplo," alisema, "leo mama amevaa nguo ya wanaume! Huko Uskoti hiyo ndiyo nguo ya askari." Waliokuwapo wote wakacheka. Shemeji yangu hakucheka. Wageni walipoondoka alimwamuru mkewe aivue na asiivae tena. Dada yangu akajibu kwamba ameinunua kwa jasho lake, na kwamba kwake yeye sketi ni sketi. Kutoka hapo maneno yakazaa maneno, na kwa siku tatu watu wale wawili hawakusemezana ila kwa kuwatuma watoto.

Siku ya nne shemeji alinifuata ofisini. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema: "Shemeji, wewe ulisomea ualimu. Njoo umweleze dada yako. Nyumba moja haiwezi kuwa na wanaume wawili."

Ni kweli kwamba nina cheti cha ualimu, ingawa niliacha chaki zamani na sasa kazi yangu ni ya mafaili na mihuri. Nilimwahidi kwamba ningefika Jumamosi. Sikumwambia kwamba shauri lake lilikuwa limenigusa mahali pabovu, mahali ambapo nilikuwa sijamwonyesha mtu.

Jumamosi nilifika, nikaomba niletewe hiyo sketi. Niliikagua kama mwalimu akaguavyo daftari. Bizimu zake zilikuwa upande wa kulia. Mafundi cherehani wanajua kwamba vifungo vya shati la mwanamume na vya blauzi ya mwanamke havikai upande mmoja. Basi nguo hii nayo ni vivyo hivyo: ya mwanamume hufungwa kulia, na zile zinazoshonewa wanawake kwa mfano wake aghalabu hufungwa kushoto. Nikamwambia dada yangu bila kumficha: "Jirani alisema kweli. Hii ni kilti, na ilishonwa kwa ajili ya mwanamume."

Shemeji akanyosha shingo kama aliyeshinda kesi. Nikamwomba asubiri, maana hadithi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Kilti ni vazi la watu wa milimani huko Uskoti. Ya mwanamume hula kitambaa kingi, hata mita saba, na karibu chote hukunjwa marinda nyuma. Mwaka 1746, baada ya maasi ya watu hao kushindwa vitani, serikali ya Uingereza ilitunga sheria ya kuwapiga marufuku wasivae mavazi yao. Sheria ile iliwataja wanaume na wavulana tu, wala haikuwataja wanawake, nayo ikawaacha askari waliolitumikia jeshi la mfalme waendelee kuvaa. Ilifutwa mwaka 1782. Hivyo, kwa miaka zaidi ya 30, mkulima aliyevaa kilti alikuwa mhalifu, na jirani yake aliyeandikishwa jeshini alikuwa askari mwenye heshima. Nguo ni ile ile! Na katika Vita Kuu ya Kwanza, kati ya mwaka 1914 na 1918, vikosi vya Waskoti vilipigana katika mahandaki ya Ufaransa vikiwa vimevaa sketi hizo, magoti wazi, katika matope na baridi.

"Je, shemeji," nikamwuliza, "nani angethubutu kuwaambia wale kwamba wamevaa kama wanawake?"

Hakujibu. Nikaendelea. Katika miaka ya 1950, huko huko Uskoti, katika mji mdogo uitwao Aboyne, wenye kuandaa michezo ya kila mwaka waliwakataza wanawake wasicheze ngoma huku wamevaa kilti, kwa hoja kwamba hilo ni vazi la wanaume. Wanawake wakabuniwa gauni lao, ambalo mpaka leo linaitwa kwa jina la mji ule. Na bado leo wako wanawake wengi wanaovaa kilti, wakicheza au wakipuliza zumari katika bendi pamoja na wanaume, na Uskoti haijaporomoka. Tena shona ile ya marinda na miraba imeenea ulimwenguni hata ikawa sare ya wasichana wa shule. Vazi la askari limekuwa vazi la mtoto wa kike anayekwenda darasani, na askari hakupungukiwa kitu.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Hapa kwetu mpaka ni hatua chache tu. Wazee wanakumbuka jinsi hali ilivyokuwa ng'ambo, upande wa Uvira, wakati Kongo ilipoitwa Zaire. Serikali ya Mobutu iliwakataza wanaume suti na tai, ikawavika abakosti. Wanawake nao wakakatazwa suruali, wakaambiwa heshima yao iko katika kitenge. Mwaka 1990 tai ikaruhusiwa tena. Malawi nayo ilikuwa na sheria ya mwaka 1973 iliyomkataza mwanamke kuvaa suruali au sketi fupi, nayo ikaja kuondolewa. Leo hapa Burundi tunawaona askari polisi wa kike wakiwa kazini katika suruali, na hakuna mwenye akili timamu anayedhani kwamba wamemwibia mwanamume cheo chake.

Hapo nikamgeukia koplo kwa jambo alilolijua kuliko mimi. Shemeji yangu ni mmoja wa wanajeshi wetu waliotumikia katika kikosi cha Umoja wa Afrika huko Somalia, ambako Burundi ilianza kupeleka askari mwezi wa Desemba 2007. "Wanaume wa kule," nilimwuliza, "huvaa nini?"

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Wengi huvaa macawis, Shemeji. Kitambaa cha miraba, amekizungusha kiunoni kama kikoi."

"Na ulipomwona mtu wa namna hiyo ameshika bunduki, ulisema ni mwanamke?"

"Hasha!" alisema. "Nililala chini haraka."

Tulicheka sote watatu, hata dada yangu, ambaye mpaka dakika ile alikuwa amefinya midomo. Tukaanza kuhesabu: wazee wa Buyenzi na misuli yao barazani; Wamasai na mashuka yao mekundu ya miraba; polisi wa Fiji, ambao sare yao ni kitambaa cha kuzungushia kiunoni; walinzi wa kaburi la askari asiyejulikana huko Athens, Ugiriki, na sketi zao nyeupe za marinda. Na wapiga ngoma wetu wenyewe, ambao ngoma yao iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014, hupiga na kuruka wakiwa wamejifunga vitambaa vya rangi za bendera. Nani amewahi kuwauliza suruali zao ziko wapi?

Lakini kicheko kilipokwisha, shemeji aliinama, akasema neno ambalo lilikuwa la kweli: "Hayo yote nimeyasikia. Lakini wale ni desturi yao. Mimi nachekwa hapa hapa, mbele ya nyumba yangu."

Basi nikajua kwamba historia imefika mwisho wa nguvu zake. Si sketi iliyokuwa ikimuuma, bali kicheko. Na mimi ninakijua kicheko hicho, kwa kuwa kiliwahi kunitawala kabla hata mtu hajacheka. Nikawasimulia jambo ambalo sikuwahi kumsimulia mtu.

Mwezi wa Aprili 2020 Mto Rusizi ulifurika na kuingia Gatumba. Usiku ambao maji yalifika kwetu nilikuwa nimelala nimejifunga kitenge cha mke wangu, kama wafanyavyo wanaume wengi wa bonde hili kwa sababu ya joto. Tuliamka maji yakiwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, nayo yalikuwa yakipanda. Mke wangu hakupoteza wakati. Alijua kwamba kitenge kikilowa humfunga mtu miguu, basi akaitwaa suruali yangu iliyokuwa imetundikwa mlangoni, akaivaa, akaikunja mpaka magotini, akambeba mtoto mchanga mgongoni, akaniita: "Mshike mkubwa, twende!"

Nami sikwenda. Nilisimama gizani nikipapasa sanduku lililokuwa likielea, natafuta suruali nyingine. Nilikuwa na wazo moja tu: nitatokaje mbele za watu nimevaa kitenge cha mwanamke? Aliniita mara ya pili. Mara ya tatu hakuniita. Alimshika mtoto wetu wa miaka minne kwa mkono, akatoka nao wote wawili peke yake.

Huko njiani mtoto alimponyoka. Maji yalikuwa yamemfika kifuani. Mzee mmoja jirani yetu alimdaka kwa ukosi wa shati, akampandisha begani. Mzee yule alikuwa amejifunga kitenge cha mkewe kiunoni, kimelowa chote, na wala hakukumbuka kwamba amekivaa. Mimi nilitokea baadaye, nimevaa suruali na mkanda, na hakuna hata mtu mmoja aliyenitazama.

Nilipokuwa mwalimu niliwafundisha watoto methali isemayo kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Usiku ule nguo za kuazima ziliwasitiri watu wawili: mke wangu katika suruali yangu na mzee yule katika kitenge. Aliyebaki uchi ni mimi, niliyekuwa katika suruali yangu mwenyewe. Mke wangu hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nilipomaliza, dada yangu alikuwa akifuta macho. Shemeji alinyamaza muda mrefu. Mwishowe aliinuka, akaichukua ile kilti mezani, akaikunja vizuri kama askari anavyokunja sare, akampa mkewe mkononi. Hakusema kitu, na sisi hatukumdai maneno.

Sitaki kudanganya kwamba yote yalikwisha siku ile. Wamepatana nusu kwa nusu: dada yangu ataivaa kanisani na sokoni, lakini hataivaa akienda kambini kumtembelea mumewe. Nadhani siku moja sharti hilo nalo litaanguka. Jumapili iliyofuata walipita pamoja mbele ya baraza ya yule jirani, naye kabla hajafumbua mdomo shemeji alimwahi: "Ndiyo, ni nguo ya askari. Na huyu ni mke wa askari." Jirani alicheka, lakini safari hii walicheka wote.

Nami niliporudi nyumbani Jumamosi ile nilimwambia mke wangu kwamba nimeyasema ya usiku wa mafuriko mbele ya watu. Alinitazama, akauliza tu: "Na ile suruali ulikwisha kunisamehe?" Kisha akanipa somo la kumpelekea dada yangu, nami nawapa akina mama wengine wenye sketi za sufu za marinda: kabla ya kufua, shikiza kila rinda kwa uzi mrefu; fua kwa maji baridi, usiikamue; ianike kivulini; piga pasi juu ya kitambaa chenye unyevu, ndipo uufumue ule uzi. Marinda yatakaa miaka mingi.

Nimeandika haya kwa ajili ya askari wenzake shemeji, polisi, na sisi waume wa kalamu na mafaili. Siku ikija ambayo maji yako mlangoni na mtoto anaita, vaa kilicho karibu, uende.