Nambari Katika Maandishi

Kila kitabu ukishikacho mkononi kina watumishi wasiosifiwa. Hao ni nambari: za sura, za sehemu, za vifungu na za michoro. Hazisimulii hadithi, lakini zikikosea, mwenye kutafuta neno hupotea hali neno lenyewe limo kitabuni.

Tazama Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Ina sura 18 na vifungu 264. Mtu aliyekamatwa akitaka kujua haki yake ya kufikishwa mahakamani mapema, ataelekezwa kwenye 49(1)(f). Alama hizo chache ni ngazi: 49 ni kifungu, 1 ni kifungu kidogo ndani yake, na f ni aya iliyo chini ya hicho. Ngazi moja ikikosewa, wakili atasoma jambo jingine mbele ya hakimu, na mteja wake ataumia kwa kosa la mwandishi.

Zamani za taipureta, kila nambari ilipigwa kwa kidole. Niliwaona makarani wawili wakitayarisha kanuni za chama cha ushirika. Walipokaribia kumaliza, mwenyekiti alitaka kanuni mpya iingizwe baada ya ile ya tatu. Basi ya nne ikawa ya tano, ya tano ikawa ya sita, na kila palipoandikwa "kama isemavyo kanuni ya 4" pakawa uongo. Kazi ya mchana kutwa ilirudiwa usiku.

Mwaka 1977 Donald Knuth, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alianza kutunga programu ya kompyuta ya kupanga chapa, iitwayo TeX. Katika miaka ya 1980 Leslie Lamport alijenga juu yake programu ya LaTeX. Humo mwandishi hana haja ya kuandika nambari. Husema tu: hapa pana sura, hapa pana sehemu. Programu hushika hesabu ya kila ngazi. Sura mpya ianzapo, hesabu ya sura huongezeka moja, na hesabu ya sehemu huanza upya. Ukipenda vifungu visianze upya, bali viendelee kutoka sura hadi sura kama vile vya Katiba yetu, utaiamuru hivyo, nayo itatii.

Mwandishi akitaka kurejelea kifungu, hukipa jina, tuseme "kukamatwa", kisha huliita jina hilo popote apendapo. Programu hupitia maandishi mara ya kwanza na kuweka daftari la majina na nambari zake. Mara ya pili hutia nambari mahali pa majina. Jina lisilojulikana huwekewa alama mbili za kuuliza, nazo ni afadhali kuliko nambari ya uongo.

Hata hivyo, usidhani kwamba mashine imetuondolea kazi ya kufikiri. Ukiita jina lisilofaa, itakupa nambari yake bila kusita. Tena, uko wakati ambapo nambari haipasi kuhama kabisa. Katika katiba ya zamani ya Kenya, kifungu kilichoifanya nchi kuwa ya chama kimoja kiliingizwa mwaka 1982, kikaitwa 2A, na cha 3 kikabaki cha 3. Kilifutwa mwaka 1991. Hata leo, ukitaja 2A mbele ya wazee waliodai vyama vingi, hawakuulizi maana yake. Nambari ilikwisha kuwa jina.

Basi wewe ambaye kesho utaandika kanuni za chama, au kitabu, au sheria za nchi, shika jambo hili. Maandishi yakiwa bado rasimu, ziache nambari zitembee, nawe ushike majina. Yakiisha kutolewa kwa watu, nambari na zisimame, kwa kuwa watu wameweka haki zao juu yake. Kuhesabu tumeiachia mashine. Kujua lini hesabu isiguswe tena kumebaki kwetu.