Mwalimu Ida na Swali Lisiloulizwa

Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Walakini ufupi wake hauonekani mpaka atokee mtu wa kuifuata hadi mwisho. Mwaka 1892, katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee nchini Marekani, alitokea mwanamke aliyeifuata.

Ida B. Wells alizaliwa katika utumwa mwaka 1862. Homa ya manjano ilipowaua wazazi wake mwaka 1878, binti huyo wa miaka 16 alishika kazi ya ualimu ili wadogo zake wasitawanywe kwa watu. Baadaye alihamia Memphis, akawa anafundisha huku akiandika makala magazetini kwa jina la Iola. Mwaka 1891 aliandika jinsi shule za watoto weusi zilivyokuwa duni, akanyimwa kazi. Akabaki na kalamu, na fungu lake katika gazeti liitwalo Free Speech.

Rafiki yake mmoja, Thomas Moss, alikuwa mgawa barua wa posta. Yeye na wenzake walifungua duka la vyakula mahali ambapo hapo awali Mzungu mmoja alikuwa akiuza peke yake. Siku moja watoto wakagombana kwa ajili ya mchezo wa gololi, na wakubwa wakaingilia. Usiku wa tarehe 5 Machi 1892, watu wenye silaha walilijia duka lile, baadhi yao wakiwa wasaidizi wa sherifu waliovaa nguo za kiraia. Waliokuwa ndani walidhani wamevamiwa, wakafyatua risasi na kuwajeruhi watatu. Moss, pamoja na Calvin McDowell na Will Stewart, wakatiwa mahabusu.

Askari weusi wa kujitolea walililinda gereza kwa siku mbili. Ilipotangazwa kwamba majeruhi watapona, walidhani hatari imepita, wakaenda zao. Alfajiri ya tarehe 9, watu wapatao 75 waliofunika nyuso waliwatoa mahabusu wale watatu gerezani, wakawapeleka kando ya reli na kuwapiga risasi. Moss aliacha mke mja mzito na binti mdogo, ambaye Ida alikuwa mama yake wa ubatizo. Hakuna muuaji hata mmoja aliyeadhibiwa.

Ida hakuridhika kuuliza tu ni nani waliofunika nyuso. Aliuliza swali jingine: waliuawa kwa sababu gani? Hadi siku hiyo, kama alivyokuja kukiri mwenyewe, naye aliamini yale yaliyosemwa na wengi, kwamba watu weusi waliouawa na makundi walikuwa wamewanajisi wanawake. Lakini Moss hakushtakiwa kosa hilo. Kosa lake lilikuwa kuuza unga na sukari mlangoni pa mtu mwingine. Basi ikiwa sababu ile haikumhusu Moss, iliwahusu wangapi?

Alianza kuchunguza. Alifika mahali palipotokea mauaji, akawahoji watu. Katika jimbo la Mississippi magazeti yalikuwa yameandika kwamba mtu mmoja aliuawa kwa kumharibu mtoto mdogo wa sherifu. Ida alipofika alimkuta “mtoto” huyo ni mwanamke mzima, ambaye baba yake aliliongoza kundi la wauaji ili kuficha mapenzi ya bintiye. Kisha akachukua hesabu za gazeti la Wazungu, Chicago Tribune, asije akaambiwa amezitunga. Katika watu weusi 728 waliouawa hivyo kwa miaka minane, waliotuhumiwa kunajisi walikuwa theluthi moja tu.

Alipoyaandika hayo mwezi Mei 1892, ofisi ya gazeti lake ilivunjwa, naye akatishiwa kifo. Kwa bahati alikuwa safarini. Hakurudi kukaa Memphis. Aliendelea kuandika huko New York, akaenda na Uingereza kutoa ushahidi. Alifariki mwaka 1931. Sheria ya taifa zima ya Marekani iliyotaja mauaji ya namna hiyo kuwa kosa la jinai ilitiwa saini mwaka 2022, miaka 130 baada ya usiku ule.

Hata leo, katika mitaa ya Afrika Mashariki, ukelele wa “Mwizi!” huweza kumwua mtu kabla hajaulizwa jina. Askari anayepokea mahabusu amepokea amana, na amana hailindwi kwa kukisia kwamba hatari imepita. Mzazi naye, anapoletewa habari kwamba kijana wa jirani ameuawa “kwa sababu aliiba,” asiipokee sababu hiyo mbele ya wanawe bila kuuliza: Aliiba nini? Nani alimwona? Na ni nani anayetuambia?