Kitufe Kisichokuwapo

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukweli wa kauli hii ulidhihirika mwaka wa 2006, mwalimu mmoja mstaafu alipoingia katika mkahawa wa mtandao wa mji mdogo, akiwa na shilingi 30 na kipande cha karatasi chenye anwani mbili za tovuti. Malipo yalikuwa shilingi 1 kwa dakika. Anwani ya kwanza ilikuwa ya chuo alichotamani mjukuu wake ajiunge nacho. Ya pili ilikuwa ya fomu ya maombi, na siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuituma.

Ukurasa wa kwanza ulifunguka vyema. Tatizo lilizuka alipotaka kuiondoa anwani hiyo ili aandike ya pili. Vidole vilivyoshika chaki miaka na mikaka sasa vilikuwa vikitetemeka. Kivinjari cha tarakilishi ile kilikuwa na desturi yake: mtu akibofya upau wa anwani mara moja, anwani yote hugeuka rangi, tayari kufutika kwa herufi ya kwanza itakayoandikwa, akibofya tena, rangi hutoweka na kishale husimama katikati ya maandishi. Mkono unaotetemeka hubofya mara mbili pale ulipokusudia mara moja. Mwalimu aliandika, anwani mpya ikajipenyeza tumboni mwa ile ya zamani, akajibiwa kwamba ukurasa haupatikani. Akaanza kufuta herufi moja moja, ilhali dakika zilikuwa zikiyoyoma.

"Mwalimu, bonyeza tu Alt pamoja na D," kijana mhudumu alimwambia kwa adabu. Alivibonyeza yeye mwenyewe, kisha akamwendea mteja mwingine.

"Ahsante, mwanangu," mzee alijibu. Hakuwa ameona palipobonyezwa.

Alikosea herufi moja, akalazimika kuanza upya. Dakika 30 zilipokwisha, fomu ilikuwa bado haijafunguka. Aliikunja karatasi yake, akatoka.

Je, vivinjari vinahitaji kitufe cha kufuta anwani? Wapo wanaoshikilia kwamba havihitaji. Hoja yao ni kwamba kila kitufe hula nafasi, na kwamba vibonyezo vya mkato vipo. Hoja hiyo ina mashiko kwa aliyekwisha kuvijua. Hata hivyo, kibonyezo cha mkato hakionekani popote kwenye skrini. Ni siri ambayo mtu hurithishwa na mwenziwe. Kitufe, kwa upande wake, hujitangaza chenyewe. Isitoshe, akibofya mara mbili anayetetemeka, hapana hasara: upau uliokwisha kufutwa hubaki mtupu vilevile.

Wala wazo hili si geni. Konqueror, kivinjari cha mazingira ya KDE yaliyotumiwa sana katika Linux, kilikuwa na kitufe hicho katika miaka ya 2000. Huko kilikuwa na manufaa ya ziada. Katika Linux, kuteua maandishi tu kulitosha kuyanakili, na kibonyezo cha kati cha kipanya kiliyabandika. Aliyeteua anwani mpya, kisha akateua ile ya zamani ili aifute, aliipoteza ile mpya. Kitufe kiliusafisha upau bila kuteua chochote. Mwaka wa 2020, Firefox toleo la 75 ilibadilisha desturi yake katika Linux: mbofyo mmoja ukawa unateua anwani yote bila kugusa kilichonakiliwa. Hiyo ni nafuu, lakini ni nafuu kwa mkono uliotulia.

Simu, nazo, zilikwisha kutoa jibu. Tangu iPhone ya kwanza ya mwaka wa 2007, Safari iliweka alama ndogo ya msalaba ndani ya upau wa anwani, mtu anapoandika. Kwenye simu ile hapakuwa na Alt wala kipanya, na kidole ni kinene kuliko kishale. Waundaji wake walikuwa wamekilalia kitanda chenyewe.

Yamkini mwalimu yule hakuhitaji kufundishwa tarakilishi upya. Alihitaji alama moja yenye upana wa herufi mbili, mahali ambapo macho yake yangeiona. Dakika zake 30 zingetosha.