Akina mama wa ndakala walitaka siku

Marehemu baba alikuwa karani wa mizigo stesheni ya Kalemie, Kongo, mwisho wa reli iliyofika Ziwa Tanganyika mwaka 1915 ikitokea Kabalo. Alitembea na chaki mfukoni. Kila behewa aliliandika ubavuni linakokwenda, kwa sababu pale Kabalo njia zinagawanyika: moja inakwenda Kongolo na Kindu, nyingine Kamina na Lubumbashi. Behewa lililopangwa ovyo lingeweza kulala Kabalo wiki nzima likingoja kuchomolewa katikati ya mengine.

Wateja wake hawakufanana hata kidogo. Wenye saruji ya Kabimba walitaka nauli ndogo. Saruji ikichelewa haiozi, mradi mvua isiipate. Wenye vitambaa vya kiwanda cha Filtisaf walitaka kufuli na lakiri. Akina mama wa ndakala, yaani dagaa, walitaka siku. Walikuwa radhi kulipa zaidi, hata kwa kukopa, ili mradi wakiambiwa treni ni Jumatano iwe Jumatano kweli, maana samaki wakavu wakipata unyevu wanaota ukungu na mtaji umekwisha. Baba aliyafunga mabehewa yao nyuma kabisa, yakifika njia panda yakatwe kwanza. Injini ziliharibika mara nyingi na ratiba ikavunjika, sitaki kuipamba enzi ile. Lakini aliyeipanga treni aliwajua wenye mizigo, na alijua kila mmoja anaogopa nini.

Vita vya 1998 vikatutoa. Leo niko Dzaleka, wilaya ya Dowa, Malawi, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1994 kwa watu kama elfu kumi hivi na sasa ina zaidi ya elfu hamsini. Watu wote hawa wanakula, wanavaa, wanauza. Kabla ya 2023, serikali ilipoturudisha kambini kutoka mijini, wengi wetu tulikuwa na maduka Lilongwe. Vitenge vya sokoni kwetu vinatoka Kariakoo, vinapita Mbeya, vinavuka mpaka wa Songwe, vinashuka Karonga na Mzuzu, safari nzima kwa lori. Reli ya TAZARA nayo inatoka Dar es Salaam, inapita Mbeya, tangu miaka ya 1970. Nilimuuliza mama mmoja mwenye meza ya vitenge kwa nini hata kipande kile hakitumii.

"Papa, mimi nina marobota matatu. Treni itanipokea mimi?"

Sikuwa na jibu. Siku hizi reli inapenda mzigo wa aina moja, wa mwenyewe mmoja, unaotoka hapa hadi kule bila kusimama kupanga mabehewa. Ni rahisi kuiendesha na gharama kwa tani inashuka. Njia ya makaa ya mawe ya Moatize, Msumbiji, iliyozinduliwa 2017, inakatiza kusini mwa Malawi, inapita Nkaya na kutokea bandari ya Nacala. Kwa mwenye makaa imepangwa vizuri mno. Lakini kutoka Nkaya kupanda Salima, halafu Lilongwe ambako reli ilifika 1979, hadi Mchinji mpakani na Zambia, treni ni chache.

Kinachoniuma ni kwamba wateja wa kila namna bado wapo. Nikipita Kanengo, Lilongwe, msimu wa tumbaku naona malori yamepanga foleni. Mwenye tumbaku ana meli ya kuwahi. Mwenye mbolea ana mvua ya Novemba. Mfuko ukifika Januari mkulima ameshapata hasara. Mwenye sukari anaweza kungoja wiki mbili akipunguziwa bei. Behewa lililopeleka tumbaku pwani mwezi wa saba lingeweza kurudi na mbolea, na baba angeliona hilo kabla hajamaliza chai yake.

Kwa sisi wadogo ningeomba behewa moja la mchanganyiko kutoka Nacala hadi Kanengo, lenye kufuli na siku yake maalumu, liondoke hata kama halijajaa. Mwenye marobota matatu alipie matatu, si behewa zima. Itagharimu, najua, behewa likienda nusu tupu lazima mtu alipe ile nusu. Hesabu hiyo ifanywe basi, na wenye mizigo tukiwepo. Miaka yote niliyoishi Dzaleka sijamwona mtu wa reli, wa nchi yoyote, akipita sokoni kutuuliza tunasafirisha nini, kwenda wapi, na tungelipa ngapi.