Milango ya faiba, Ibra

Sisi huku Ibra wazima, joto tu ndilo linatutoa jasho. Shangazi ananiuliza kila siku kwenye simu: "Hivi huko Uarabuni unafanya kazi gani hasa?" Na mpwa wangu wa Ngamiani naye ameletewa gari la bodi ya faiba, milango haikai sawa, na mwenye gari keshaanza kumwambia akate. Leo nawajibu wote wawili. Mpwa wangu, usikate kitu mpaka umalize kusoma.

Mwaka jana ililetwa gereji kwetu, hapa sinaiya, Chevrolet Corvette ya mwaka 1978. Wengi hawajui kwamba Corvette tangu ya kwanza ya mwaka 1953 bodi yake ni faiba, si bati. Ndani kuna fremu ya chuma, chini kuna chesi, na bodi imekalia chesi juu ya viti vya mpira. Mwenyewe ni mzee wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, akaja huku baada ya mwaka 1970. Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Hapa Ibra wazee kama yeye wamejaa, ukienda sokoni unasikia "hujambo mwanangu" mpaka unasahau uko wapi. Gari lilikuwa la marehemu kaka yake, na alitaka kijana wa marehemu alipande siku ya harusi yake. Zilibaki wiki tatu.

Mlango wa kushoto ulikuwa balaa. Mbele kwa juu mwanya wa milimita 9, kidole kinapita. Nyuma kwa juu haukufika hata milimita 2, ukifunga unasikia unakwaruza. Waliolishika kabla yetu walikuwa wamejaza puti ukingoni, nayo ilishapasuka. Tajiri wetu akasema chukua grinda, punguza pale panapogusa, piga rangi, mpe mzee gari lake. Nikamwomba siku mbili. Akakubali kwa sharti kwamba zikipita bure atazikata kwenye mshahara wangu. Na mwezi ule ndio nilikuwa nadaiwa ada ya watoto, mnajua wenyewe.

Sababu ya kukataa grinda ni hii. Bati likikosea utaligonga lirudi. Faiba haigongwi. Ukishasaga ukingo, umekula nyuzi zenyewe zinazoshika bodi, na kuzirudisha ni kazi ya kujenga upya. Halafu mwanya ukiwa mpana huku na mwembamba kule, mara nyingi mlango wenyewe haujaharibika. Umeinama tu. Lazima ujue umeinamishwa na nini.

Kwanza nikaliacha gari likae juu ya magurudumu yake. Ukilipandisha kwenye jeki chesi inajipinda kidogo, mianya inabadilika, na utapima uongo. Nikavua mpira wa kuzuia vumbi, maana mpira mnene nao husukuma mlango nje. Kisha nikafungua mlango nusu, nikaushika mwishoni na kuunyanyua. Ukacheza juu chini. Pini za bawaba na bushi zake zimelika. Mlango wa gari hili ni mrefu na mzito, kwa hiyo kulika kidogo tu kwenye bawaba, kule mwisho kunaonekana kukubwa.

Nikalala chini na tochi. Kiti cha mpira kilicho chini ya nguzo ya bawaba kilikuwa kimebonyea na kumegeka kama mkate mkavu. Nguzo imeshuka, mlango umeifuata. Nikamwita tajiri aone kwa macho yake. Aliguna tu, akaondoka. Hilo la mshahara halikutajwa tena.

Bushi za shaba tulichongesha kwa fundi wa mashine kule Nizwa, siku ya Ijumaa asubuhi, barabara imejaa magari yamebeba mbuzi wa mnadani. Kiti kipya tukaweka na vibati vya kujazia, kimoja kimoja, unakaza na kupima, mpaka bodi ikarudi mahali pake. Baada ya hapo tu ndipo nikalegeza bolti za bawaba na kuupanga mlango. Kitasa huwa cha mwisho. Ukiona kitasa ndicho kinachounyanyua mlango unapofunga, bado hujamaliza. Nilichonga kijiti cha milimita 5 nikakipitisha kuzunguka mlango mzima. Kikapita kote, ila pale nyuma kwa chini mwanya ulibaki mpana. Hapo sasa ndipo panapojengwa kwa faiba.

Kujenga nilikwenda kujifunza Sur, kwa fundi wa boti za wavuvi. Sur ndio mji wa majahazi, lile jahazi la Fatah al-Khair lililoundwa pale mwaka 1951 bado limewekwa watu walitazame. Lakini wavuvi wengi siku hizi wanatumia boti za faiba, na mafundi wake wanaijua kazi. Alinionyesha kutoa puti yote ya zamani, kusaga ukingo uwe mwembamba kama mteremko, kisha kulaza vipande vya kitambaa cha faiba na resini, kidogo kidogo. Upande wa pili wa mwanya unabandika tepu na kuipaka nta, usije ukagundisha mlango na gari. Hadina ni asilimia 1 mpaka 2 ya uzito wa resini, na kwenye joto usizidishe. Huku kiangazi ukichanganya saa sita mchana, resini inaganda kwenye kopo hujachovya brashi. Nilikuwa nafanya baada ya sala ya alfajiri. Wewe Tanga una unyevunyevu wa bahari, hakikisha sehemu ni kavu kabisa. Na vaa barakoa, mikono mirefu, ukaoge maji baridi. Vumbi lile linawasha siku nzima.

Mzee alipokuja alifungua mlango, akaufunga kwa vidole viwili. Tak. Akafungua tena, akafunga tena, mara nne hivi, hasemi kitu. Mwishowe akaniambia, "Mwanangu, kaka yangu alikuwa akiubamiza huu." Akaenda kukaa kwenye kiti cha abiria, akafunga mlango, akabaki humo kitambo.

Harusi ilifanyika, tulialikwa mafundi wote, wali ulikuwa wa kutosha. Ada nimetuma, mama ameshapata.

Haya mpwa wangu, anza chini ya gari, uniambie umekuta nini. Ijumaa baada ya sala nitapiga. Shangazi, sasa umejua kazi yangu. Nisalimieni wote.